Mamlaka ya Polisi wa Kenya na Njia Ndefu ya Malalamiko

Ili kuelewa kwa nini Kenya ilikaa zaidi ya karne moja bila chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi, yafaa kuanza na swali la awali zaidi: askari hawa waliwekwa ili wamlinde nani? Jibu liko Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1880. Huko kampuni ya kibiashara ya Waingereza, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na walinzi wa kutunza maghala yake na bidhaa zilizokwenda bara, na ni kwa walinzi hao kwamba polisi wa Kenya huhesabu asili yao. Hawakuwa na wajibu wowote kwa mkazi wa Mji wa Kale wala kwa mkulima wa Taita. Mwajiri wao alikuwa na mali, na walilipwa kuilinda.

Kampuni ilipoelemewa na gharama, serikali ya Uingereza ilichukua nafasi yake na kutangaza himaya mwezi Julai 1895. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Victoria. Reli ndiyo iliyowasambaza polisi, kwa kuwa kila palipojengwa stesheni palihitajika mlinzi, na palipopata mlinzi palikuwa na seli baada ya muda mfupi. Sheria nazo zilivuka bahari kutoka India. Zilikuwa sheria za jinai zilizopitishwa huko baada ya uasi wa 1857 kuwatikisa watawala, na ziliendelea kutumika Kenya hadi koloni ilipotunga sheria zake za adhabu mwaka 1930.

Waingereza wakati huo walikuwa na mifano miwili ya polisi. London, tangu 1829, ilikuwa na askari wasiobeba bunduki, waliozunguka mitaani wakitegemea kukubalika na wakazi. Ireland ilikuwa na polisi wenye silaha waliokaa kambini na kupokea amri kutoka makao makuu. Mfano wa pili ndio uliopelekwa makoloni. Mtu aweza kusema kwamba sababu ilikuwa uhaba wa fedha na watu, lakini maelezo hayo hayatoshi. Polisi wa mfano wa London huhitaji ridhaa ya wanaolindwa, na utawala wa kikoloni haukuwa na mpango wa kuiomba.

Kikosi cha polisi wa Kenya kilipewa msimamo wa kisheria mwaka 1906. Mwaka uliofuata, mbele ya mahakama ya Nairobi, mlowezi mashuhuri Ewart Grogan aliwachapa viboko hadharani Waafrika watatu, huku umati wa Wazungu ukitazama na polisi waliokuwapo wakishindwa kumzuia. Grogan alihukumiwa kifungo kifupi kwa kosa la mkusanyiko haramu. Kisa hicho chaonyesha kwamba mamlaka ya polisi hayakuwa makubwa kwa kila mtu. Mbele ya mlowezi askari alikuwa mnyonge, na mbele ya Mwafrika hakuwa na mpaka. Nje ya miji, kazi ilifanywa na askari wa machifu na wa mkuu wa wilaya, ambao baadaye waliitwa polisi wa kikabila na, kuanzia 1958, Polisi wa Utawala. Mwanakijiji aliyeonewa na askari wa aina hiyo alipaswa kumlalamikia mkuu wa wilaya, aliyekuwa bosi wa askari huyohuyo na, mara nyingi, hakimu wa eneo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha: mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole na kutakiwa kubeba hati yake ya kazi, iliyowekwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichovaliwa shingoni. Askari yeyote aliweza kumsimamisha na kuidai. Kwa watu wengi hapo ndipo mamlaka ya polisi yalipogusa maisha ya kila siku, na kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa mwanasiasa Harry Thuku wafuasi. Alikamatwa Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kutaka aachiliwe, na mwandamanaji mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawasuta wanaume waliokuwa wakisitasita. Polisi wakapiga risasi. Taarifa rasmi ilitaja vifo 21, na masimulizi ya walioshuhudia yametaja idadi kubwa zaidi. Wapo pia waliodai kwamba walowezi waliokuwa katika hoteli ya Norfolk, jirani na hapo, walijiunga kufyatua risasi. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kufunguliwa kesi.

Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ndiyo iliyotoa jaribio la kwanza la kweli la kuwachunguza polisi wa Kenya, na kushindwa kwake kuna mafunzo mengi kuliko ufanisi mwingi. Katika vita dhidi ya waasi wa Mau Mau polisi waliongezwa haraka, wakapewa uwezo wa kukamata na kuzuia watu kwa makumi ya maelfu, na zaidi ya watu 1,000 wakanyongwa kwa hukumu za mahakama. Malalamiko ya mateso yalipozidi, London ilimtuma Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa jiji la London, aje kuwa kamishna mwaka 1954. Young alitaka jambo dogo kwa maneno na kubwa kwa maana: wapelelezi wafuate ushahidi wa uhalifu hata kama mtuhumiwa ni askari au mlinzi aliyekuwa upande wa serikali. Maafisa wa utawala waliwazuia wapelelezi wake, na Gavana Evelyn Baring hakumuunga mkono. Hata mwaka mmoja haukutimia kabla hajajiuzulu. Januari 1955 serikali ikatangaza msamaha uliowakinga na mashtaka wale waliotenda makosa hayo kwa upande wake.

Lakini karatasi zilibaki. Barua, ripoti na majalada ya kipindi hicho yalisafirishwa kwenda Uingereza na kufichwa kwa miongo kadhaa, hadi kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya ilipolazimisha yafichuliwe mwaka 2011. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Wanaotaka kujua kwa nini mawakili husisitiza kila lalamiko liandikwe wanaweza kuitazama kesi hiyo.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, katiba mpya iliunda tume ya huduma ya polisi ili kamishna asiwe chombo cha mwanasiasa yeyote. Kinga hiyo haikudumu. Mabadiliko ya katiba yaliyofuata yaliiondoa, uteuzi ukarudi mikononi mwa rais, na mwaka 1966 sheria ya usalama wa umma ikarudisha uwezo wa kuwazuia watu bila kesi. Kikosi cha kutuliza ghasia cha GSU, kilichozaliwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni na kukuzwa wakati wa hali ya hatari, hakikuvunjwa.

Hapa wanahistoria hutofautiana. Wako wanaosema kwamba polisi wa baada ya uhuru ni urithi wa ukoloni tu: mafunzo yaleyale, kambi zilezile, sheria zilezile. Wengine hutaja hali ya askari mwenyewe, ambaye mshahara wake ni mdogo na ambaye mara nyingine hugawana chumba na familia ya mwenzake, wakisema kwamba rushwa na ukali huota hapo. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini kwangu mimi hayafikii mzizi. Urithi unaweza kukataliwa, na katiba ya 1963 ilianza kuukataa. Walioirudisha hali ya zamani walikuwa viongozi waliochaguliwa, waliogundua kwamba jeshi la polisi lililojengwa kumtumikia gavana linaweza kumtumikia rais bila marekebisho mengi. Na mshahara duni huenda ukaeleza shilingi hamsini ya kizuizi cha barabarani. Hauelezi vyumba vya mateso.

Vyumba hivyo vilikuwa chini ya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, ambako polisi wa idara ya ujasusi waliwatesa watuhumiwa wa kisiasa katika miaka ya 1980. Mwaka 1988 Bunge lilibadili katiba na kuruhusu mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa akae mikononi mwa polisi siku 14 kabla ya kufikishwa mahakamani, badala ya saa 24. Badiliko hilo lilipita kwa haraka, nalo ndilo badiliko ambalo mlalamishi hana budi kulielewa kuliko yote. Mateso huhitaji muda, na huhitaji muda zaidi majeraha yapone kabla hakimu hajayaona. Sheria ilitoa vyote viwili.

Kulegea kulikuja kidogo kidogo. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, wabunge wa vyama vyote walikubaliana kwamba wanaotaka kuandamana au kufanya mkutano wa hadhara wasiombe tena leseni, bali watoe taarifa kwa polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Tofauti ya ombi na taarifa si ndogo, ingawa vituo vingi huendelea hadi leo kuzungumza kana kwamba wao ndio wenye kuruhusu. Mwaka 2003 Bunge likaondoa uzito wa ungamo lililotolewa kwa polisi: likitolewa mahakamani linakubalika, likitolewa kituoni halikubaliki. Baadaye sheria ililegezwa ili ungamo liweze kupokewa na afisa wa cheo asiyeipeleleza kesi hiyo, mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Kabla ya 2003 mpelelezi mvivu alikuwa na kila sababu ya kutumia rungu.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata, na ikagundua kwamba watu 405 kati yao walikufa kwa risasi. Wananchi walikuwa wamepigana kwa panga, mishale na moto. Bunduki nyingi zilikuwa za polisi. Tume ilipendekeza chombo huru cha kupokea malalamiko. Serikali ilikuwa imejaribu njia nyepesi mwaka 2008, kwa kuunda bodi ya usimamizi kupitia gazeti rasmi, lakini bodi isiyo na sheria nyuma yake haikuweza kumlazimisha afisa yeyote kujibu swali. Februari 2009 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alizuru nchi na kusema wazi kwamba mauaji yanayofanywa na polisi yalikuwa ya kimfumo. Mwezi uliofuata watetezi wawili wa haki waliokuwa wamekusanya taarifa za mauaji hayo walipigwa risasi wakiwa ndani ya gari jijini Nairobi. Mwaka huohuo jopo la Jaji Philip Ransley liliandika mapendekezo zaidi ya 200, yakiwemo ya mishahara na nyumba za askari.

Kwa nini mapendekezo haya yalipita wakati mengi ya awali yalioza kwenye kabati? Wengi hutaja shinikizo la nje: upatanishi wa Kofi Annan na kivuli cha mahakama ya The Hague. Wengine hutaja uvumilivu wa mashirika ya kiraia. Naona sababu ya tatu ilikuwa na nguvu zaidi. Serikali ya 2008 ilikuwa ya muungano, na pande zote mbili zilihofia polisi wakiwa mikononi mwa mwenzake. Kwa mara ya kwanza waliokuwa madarakani walihitaji kinga ambayo raia alikuwa ameihitaji siku zote.

Katiba ya Agosti 2010 ilirudisha saa 24. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Awe na haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Atengwe na wale wanaotumikia kifungo. Na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, siku ya kazi inayofuata. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 ikafafanua mengine. Polisi anaweza kukamata bila hati akiwa na shaka yenye msingi kwamba kosa kubwa limetendwa, na anaweza kupekua bila kibali pale kuchelewa kungepoteza ushahidi, ila ni lazima aandike sababu zake. Nguvu itumike pale tu njia za amani zimeshindwa, tena kwa kiasi kinacholingana na hatari. Askari mwenye sare avae jina au namba inayoonekana. Amri ya mkubwa si utetezi kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Kifungu hiki cha mwisho kingemfurahisha Arthur Young.

Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo Wakenya huiita IPOA, na Juni 2012 ikaanza kazi chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Macharia Njeru. Mlalamishi anaweza kuiendea kwa maandishi au kwa mdomo, bila malipo, makao makuu Nairobi au katika ofisi za kanda kama Mombasa, Kisumu na Garissa. Si lazima awe ndiye aliyeumizwa. Jamaa au shahidi anaweza kulalamika. Kifo au jeraha baya lililosababishwa na polisi, pamoja na kifo ndani ya seli, ni lazima liripotiwe kwa mamlaka hiyo na polisi wenyewe. Kuna milango mingine: mkuu wa kituo, Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, tume ya haki za binadamu, na Mahakama Kuu kwa anayedai fidia kwa kukiukwa haki zake. Kwa jambo dogo, kama lugha chafu au kucheleweshewa dhamana, mkuu wa kituo au kitengo cha ndani huenda wakalimaliza upesi. Kwa damu, wakili yeyote mzoefu atakuelekeza nje ya kituo.

Lalamiko lenyewe husimama kwa vitu vichache. Cha kwanza ni namba ya OB, yaani namba ya tukio lilivyoandikwa kwenye daftari la kituo. Aliyekataliwa kuandikiwa aandike mwenyewe siku, saa na jina au namba ya aliyemkatalia, kwani kukataa huko nako ni kosa la kulalamikiwa. Cha pili ni fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, pamoja na karatasi za hospitali za siku ileile. Kisha picha, namba ya gari, majina ya walioona, na risiti ya dhamana. Fedha ya dhamana isiyo na risiti mara nyingi huwa hongo yenye jina zuri.

Msomaji asitarajie IPOA imfikishe askari kizimbani. Hupeleleza, kisha hupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye mwenye uamuzi wa kushtaki, kutafuta ushahidi zaidi au kufunga jalada. Huko ndiko majalada mengi hukaa. Hukumu ya kwanza iliyotokana na upelelezi wake ilikuja Februari 2016, pale maafisa wawili walipofungwa miaka saba kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 nyumbani kwao Kinango, Kwale, mwaka 2014. Polisi walikuwa wamedai kwamba aliwashambulia kwa panga.

Miezi minne baadaye ikaja kesi iliyopima mfumo mzima. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amepigwa risasi na afisa wa Polisi wa Utawala mwaka 2015, akalalamika IPOA. Baada ya hapo alijikuta akishtakiwa makosa mfululizo, na wakili Willie Kimani akamtetea. Tarehe 23 Juni 2016 wote wawili, pamoja na dereva wao wa teksi, walitekwa wakitoka mahakama ya Mavoko. Miili yao ilipatikana siku kadhaa baadaye mtoni, Ol Donyo Sabuk. Mawakili waligoma nchi nzima. Hukumu ilichukua miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na Februari 2023 afisa aliyelalamikiwa akahukumiwa kifo, wengine vifungo vya miaka 20 hadi 30. Wapo wanaoisoma kesi hii kama ushahidi kwamba kulalamika ni hatari, na wapo wanaoisoma kama ushahidi kwamba sheria hufika. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana mlalamishi anayetishwa anapaswa kuomba mapema ulinzi wa mashahidi, badala ya kusubiri kesi ianze.

Maandamano ya vijana ya Juni 2024 yalileta malalamiko mapya ya risasi na utekaji, na ugumu wa zamani: wengi wa waliolalamikiwa hawakuvaa sare, na magari yao hayakuwa na namba halisi. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni alifia katika kituo kikuu cha polisi cha Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikana, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti. Wapelelezi wa IPOA walipofika walikuta kumbukumbu za kamera za kituo zimechezewa, kwa hiyo wakaanza na waliokuwa zamu, waliokuwa seli na mafundi walioitwa kuzigusa kamera hizo. Kabla ya mwezi kwisha maafisa watatu, mkuu wa kituo akiwa miongoni mwao, pamoja na raia watatu, walifikishwa Mahakama Kuu kwa shtaka la mauaji. Wote walikana.